Uzi Usiooshwa

Jumamosi, tarehe 6 Juni 1992. Kulikucha na baridi kali pale Kasense, juu katika nyanda za Ufipa. Umande ulilala mweupe juu ya mabua ya mahindi, na upepo uliokuwa ukivuma tangu alfajiri uliwafanya hata kuku wachelewe kutoka bandani.

Redempta alifika kigangoni wa kwanza, kama kawaida yake. Alikuwa mjane wa miaka arobaini na mitatu, na kwa miaka saba alikuwa amewafundisha akina mama wa kigango kufuma sweta. Hakuna aliyemwita kwa jina. Wote walimwita mwalimu, na neno hilo lilimpasha moto kuliko sweta lolote alilowahi kuvaa.

Katekista Polikarp aliwaongoza katika sala, kisha akawaeleza kazi. Kulikuwa na familia za wafugaji wa Kisukuma zilizohamia karibu na Mpui na ng'ombe wao. Walitoka kwenye nchi ya joto, na watoto wao hawakuwa na kitu cha kuvaa zaidi ya vishati. Wawili walikuwa wamelazwa kwa homa ya mapafu. Kikundi kiliombwa kifume sweta arobaini ndani ya wiki tatu, bila malipo.

"Na jambo la pili," alisema Polikarp. "Akina mama wa kule wanataka kujifunza wenyewe. Siku ya kukabidhi sweta mtamchagua mmoja wenu aende Mpui kuwafundisha mpaka baridi iishe."

Macho ya Redempta yalishuka kwenye sindano zake, kwa unyenyekevu. Alijua ni yeye. Nani mwingine?

Ndipo akasikia kicheko upande wa dirisha. Fortunata, rafiki yake wa tangu usichana, aliyekaa ubavuni mwake miaka yote saba, alikuwa amebeba kigoda chake akaenda kukiweka karibu na Suma.

Suma alikuwa mke wa Lwitiko, bwana mifugo aliyehamishwa kutoka Mbeya. Alikuwa Mmoraviani, lakini aliomba kujiunga na akina mama wa Kikatoliki kwa kupenda kufuma, na mumewe ndiye aliyewaona wale watoto wakitetemeka. Alikuwa na miezi minne tu kikundini. Alifuma huku akiongea, bila kutazama mikono yake, na kifuani mwa kila sweta alipitisha safu ya vialmasi vidogo ambavyo hakuna Mfipa aliyewahi kuviona.

"Hebu nionyeshe tena hapo, mwalimu," Fortunata alimwambia Suma.

Akajishika mdomo. "Jamani! Ulimi umeteleza."

"Umeteleza au umempandisha cheo?" mmoja akatania, na wote wakacheka. Redempta naye alicheka. Alicheka mpaka taya likamuuma.

Nyuzi walizitoa sokoni. Tangu biashara ifunguliwe, mabelo ya mitumba yalikuwa yakimwagwa mjini kila wiki, na ndani yake mlikuwa na sweta za sufu zilizotoboka viwiko. Akina mama walizinunua kwa bei ya kutupa, wakazifumua, wakapata uzi mzuri kuliko wa dukani. Ila uzi uliofumuliwa una tabia yake. Unatoka umejikunjakunja, unakumbuka sweta la zamani. Ni lazima uoshwe kwa maji ya moto, utundikwe kwenye kamba na kufungiwa jiwe kwa chini, ukauke umenyooka. Ukiufuma na mikunjo yake, sweta linapendeza mpaka siku ya kwanza ya kufuliwa. Hapo uzi unajinyoosha wenyewe, na sweta linarefuka ovyo.

Jambo hilo alilijua Redempta peke yake. Alifundishwa na sista mmoja mzee, na hakuwahi kumfundisha mtu. Kila wiki aliziosha nyuzi nyumbani kwake na kuwaletea wenzake zikiwa madonge yaliyo tayari. Aliuita huo utumishi. Hakuwahi kujiuliza kwa nini alikuwa akifunga mlango wa uani wakati wa kuosha.

Walipokuwa wakitawanyika, Suma alimfuata akiwa na mfuko wa sweta kuukuu mkononi.

"Shikamoo dada. Nimeona nikupunguzie mzigo. Hizi nitazifumua mwenyewe nyumbani, zinatosha sweta kumi na mbili. Lakini mimi nimezoea uzi mpya wa dukani. Huu wa kufumua unahitaji kufanyiwa chochote kabla?"

Redempta aliutazama uso ule wa mviringo, usio na hila. Nyuma yake alimwona Fortunata amesimama mlangoni akimsubiri, si yeye, bali Suma.

"Marahaba," alisema. "Wewe fuma tu."

Maneno matatu. Aliyabeba kifuani njia nzima, na alipofika nyumbani akajiambia kwamba hakusema uongo. Hakuna aliyekatazwa kufuma.

Wiki tatu zile zilikuwa ndefu. Redempta alifuma hadi vidole vikapasuka, akamaliza sweta tisa. Kila Jumamosi alipofika alianza kwa kuhesabu vigoda: vingapi upande wake, vingapi upande wa dirisha. Vilikuwa vitano kwa vinne, vikawa vinne kwa vitano, mwishowe akabaki na bibi mmoja ambaye hasikii vizuri. Alijua nani alikunywa chai nyumbani kwa Suma na siku gani. Alijua kwamba Suma alimkatia mtoto wa Fortunata nywele. Hata vialmasi vilimfuata kitandani. Akifumba macho vinapita, safu kwa safu.

Alisali. Alikuwa mtu wa kusali kweli, tena kwa machozi. Lakini alipofika kwenye kuwaombea wenzake alitaja majina yote, na la Suma alilipitia haraka, kama mtu apitaye mbele ya nyumba ya anayemdai. Rozari yake ilikwisha, na kifua kilibaki kizito vilevile.

Ijumaa, siku mbili kabla ya kukabidhi, walizifua sweta zote arobaini na kuzianika kwenye nyasi nyuma ya kanisa. Redempta alikuwa akisuuza, lakini masikio yake yote yalikuwa kule.

"Yesu wangu!" Fortunata alipiga kelele. "Suma, njoo uone!"

Sweta za Suma zilikuwa zimevimba na kulegea. Mikono ilining'inia kama matumbo ya mbuzi. Shingo zilipanuka, na vialmasi vilikuwa vimevutika vikawa kama mbegu za maboga. Suma aliinyanyua moja, akaishusha. Akainyanyua nyingine.

"Nimekosea wapi?" aliuliza. "Nimekosea wapi jamani? Na watoto wanasubiri."

Redempta aliingoja furaha. Aliingoja kama mtu anayengoja chungu kichemke. Ilikuja, lakini haikuwa tamu kama alivyodhani. Hata hivyo ilikuja, na usiku huo alilala.

Jumapili, baada ya ibada, Lwitiko alileta akina mama watatu wa wafugaji kwa gari la ofisini. Aliyeongea kwa niaba yao aliitwa Mboje, mke wa mzee Nyanda, mwanamke mrefu aliyembeba mtoto mgongoni na kumshika mwingine mkono. Sweta zilipangwa juu ya meza ndefu. Zile kumi na mbili Suma alikuwa amezikunja pembeni, ameziwekea kanga juu.

Mboje alishukuru kwa zile za mezani, akazigusa moja moja. Kisha akainua kanga.

"Na hizi?"

"Hizo zimeharibika, mama," Suma alisema kwa aibu. "Ni zangu. Nitazifuma upya."

Mboje alimvalisha mwanawe moja. Ilimfika magotini na mikono ilimeza vidole. Akaikunja mikono mara mbili, akarudi nyuma akatazama, akacheka kwa sauti.

"Zimeharibika? Mama, huyu mtoto anakua kama ndama! Hii inamfunika mpaka magoti leo, na mwaka kesho bado ataivaa. Zile nyingine zitambana kabla ya mvua kunyesha. Na haya maua ya kifuani! Bundala wangu aliyebaki nyumbani akiona mwenzake kavaa hivi, hatanipa usingizi. Nipe hizi zote."

Chumba kizima kilicheka kwa furaha. Suma alifuta macho kwa ncha ya kitenge. Fortunata akapiga makofi.

"Basi mwalimu wa Mpui tumeshampata! Hata akikosea anapatia!"

"Kweli kabisa!" wakaitikia.

Kitu kikapasuka ndani ya Redempta. Alijikuta amesimama, sauti yake ikiwa juu kuliko alivyokusudia.

"Mnasifia nini? Mnasifia ubovu! Uzi ule haukuoshwa! Haukutundikwa, haukufungiwa jiwe, umefumwa na mikunjo yake! Ndiyo maana umelegea! Huyo ndiye mwalimu?"

Wote waligeuka kumtazama.

Fortunata alimtazama taratibu. "Kuoshwa? Uzi huwa unaoshwa? Hatukuwahi kusikia. Sasa wewe ulijuaje kwamba wake haukuoshwa?"

Redempta alimtazama Suma.

"Dada," Suma alisema, pole pole, kama mtu anayejihesabia mambo mwenyewe. "Mimi nilikuuliza."

Akina mama waliinamisha vichwa, na mmoja wao akasonya. Polikarp alisogea kama anayetaka kuanzisha sala ili mambo yapite, lakini Redempta alimzuia kwa mkono. Alijua kwamba akikaa sasa hatasimama tena, si katika chumba hiki wala mbele za Mungu. Alitamani kusema alisahau, na walikuwepo ambao wangemwamini.

"Aliniuliza," alisema. "Alisimama mbele yangu akaniuliza kwa heshima, na nilijua jibu. Nilimnyima. Sikumnyima yeye tu. Ninyi nyote nimewanyima miaka saba, ili mnihitaji. Na kama si huyu mama, watoto kumi na wawili wangebaki na vishati vyao, na mimi ningechaguliwa, na ningekwenda Mpui nikijiona mtakatifu."

"Kwa nini lakini, mwalimu?" Fortunata aliuliza. Sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Kwa sababu ulihamisha kigoda chako."

Fortunata alitazama pembeni.

Redempta alimgeukia Suma. Wivu ulikuwa bado umo. Aliusikia ukiuma palepale hata alipoutazama uso ule uliolia, na akaona haya kwamba haukuondoka kwa kuungama tu.

"Mdogo wangu, siwezi kukuahidi kwamba moyo wangu utakuwa mweupe leo, maana ningeongeza uongo juu ya uongo. Lakini ninaahidi hivi, mbele ya katekista, mbele ya akina mama hawa, na mbele ya mama Mboje aliyekuja kuomba nguo akakuta aibu yetu: wewe ndiye utakayekwenda Mpui kufundisha. Ukikubali, nitakwenda nawe. Nitachemsha maji na kuosha nyuzi mchana, uani, mlango ukiwa wazi. Na kila mwanamke atakayeniuliza nitamjibu, na asiyeuliza nitamwita nimwonyeshe."