Nyumba ya Vitanda Viwili

Mpumbavu wa siku ile alikuwa Ouma fundi, na wa kwanza kulitangaza hilo ni Ouma mwenyewe. Hakusubiri mtu amnyooshee kidole. Miaka mingi baadaye, kichwa kikiwa kimeshajaa mvi, ukimtajia Jumamosi ile ya mwaka wa arobaini na saba alikuwa akiweka randa chini, anajipiga kofi kwenye kipaji cha uso, kisha anacheka kama mtu aliyewahi kuingiliwa na siafu ndani ya suruali katikati ya ibada. Lakini siku yenyewe hakucheka.

Ouma alikuwa seremala, mtu wa Nyakach kule kando ya ziwa, aliyepanda milima kuja Kisii na msumeno mmoja na suruali moja. Alishawahi kulala kwenye baraza za maduka miezi minne mizima, mpaka Mzee Ishwar, mwenye duka la mabati na misumari, alipomkuta asubuhi moja akiunga kiti kilichovunjika kwa vipande vya masanduku, akampa kona ya kufanyia kazi. Baridi ya Kisii anaijua mtu aliyelala nje, hasimuliwi. Kwa hiyo ilipotoka amri kwamba kuanzia Jumamosi ya mwisho ya Machi hakuna kulala barazani, na kwamba atakayekutwa jioni hiyo atapakiwa kwenye lori arudishwe alikotoka, Ouma aliacha kazi zote. Alijua kwamba wengine, walikotoka, hakuna tena mlango unaowangoja.

Akaanza kuzunguka mji. Jumapili alisimama kanisani akauliza nani angependa kulala nje siku moja tu, aonje utamu wake. Hakuna aliyeinua mkono. Akasema basi aliyeacha mkono wake chini autie mfukoni, akapitisha kofia. Mzee Ishwar akatoa mabati na kipande cha ardhi nyuma ya ghala lake, akaandikia ndugu zake wa Kisumu, nao wakatuma blanketi. Kutoka upande wa Suneka kikateremka kikundi cha risaga, majirani wanaolimiana mashamba kwa zamu, wakiongozwa na mzee mmoja mkavu aitwaye Ogari. Waliacha majembe yao wakaja na miti na fito, wakakanyaga udongo kwa miguu huku wakiimba, na kwa siku nne nyumba ikasimama. Chumba kimoja kirefu, mlango mmoja mbele, na ukuta ambao bado ulikuwa mbichi.

Wakati huo watu wengi wa barazani walishapata jamaa wa kuwapokea. Walibaki wawili wasio na mtu.

Wa kwanza alikuwa mzee Nyasani, aliyelala upande wa chini wa mji, karibu na soko. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akitambua watu kwa sauti. Wa pili alikuwa Esnah, mjane mwenye wasichana wawili wadogo, aliyelala upande wa juu, kwenye baraza ya Ishwar. Wote walikuwa wametoka mbali, Magwagwa, na wote walikuja mjini kuulizia habari za askari aliyekufa kwenye vita vya Wajapani kule Bama. Hapo Ouma angesimama akafikiri kidogo. Hakusimama. Askari waliokufa Bama walikuwa wengi, na Ouma alikuwa na haraka.

Kitu alichokiona yeye, kwa macho yake mazima, ni kwamba hawa wawili hawapatani. Esnah akimwona mzee kwa mbali hubadilisha njia. Nyasani akisikia sauti ya Esnah sokoni hugeuza uso ukutani, anatulia hivyo mpaka apite. Siku moja Ouma alimwuliza Esnah kama anamjua yule mzee. Mama akatazama chini, akamwita mtoto wake, akaondoka bila kujibu. Ouma akajiambia kwamba chuki ya namna hiyo ni ya mashamba, maana watu wa milimani hugombania mpaka wa shamba mpaka wajukuu. Naye, kwa kuwa alipenda mizaha kuliko chakula, akaamua kuwapatanisha kwa kuwashtukiza. Akatengeneza vitanda viwili vizuri, akaviweka chumbani vikitazamana. Kila mmoja alimwambia peke yake kwamba amepata nyumba. Hakumwambia yeyote ni nani mwenzake.

Jumamosi mchana watu walijaa nyuma ya ghala. Wana risaga walikuwepo, udongo ukiwa umewakaukia miguuni, na watu wa kanisa, na Mzee Ishwar na koti lake jeusi. Ouma alimwongoza Nyasani kwa mkono, akamwingiza ndani, akamketisha kitandani, akamfunika mabega kwa blanketi jipya. Mzee akakipapasa kitanda, akapapasa ukuta, akauliza kama ni kweli. Ouma akamwambia atulie hapo, kuna mgeni anakuja.

Kisha akatoka mlangoni akamwita Esnah, aliyekuwa amesimama nyuma ya wengine na mzigo kichwani. Mama akaja na wasichana wake. Alipokuwa mguu mmoja ndani na mmoja nje, akamwona aliyekaa kitandani, akaganda. Ouma alifurahi, alikuwa ameingoja nafasi hiyo wiki nzima. Akawageukia watu, akapaza sauti ili wa nyuma nao wasikie.

"Msiogope, hawa wawili wana maneno yao ya zamani, leo yanaisha. Mzee hana mke, mama hana mume, na vitanda hivi nimevipima: kuviunganisha ni misumari minne tu. Mwaka hautaisha kabla hatujarudi hapa kula harusi."

Watu wachache walianza kucheka. Hawakumaliza. Esnah alitupa mzigo, akajifunika uso kwa mikono miwili, akarudi nyuma akaanguka kwa magoti pale mlangoni. Hakulia; alikuwa akitoa sauti kama mtu aliyepigwa tumboni. Msichana wake mdogo akachungulia ndani, akaita kwa furaha, "Sokoro."

Hata mtoto wa Nyakach aliyekaa Kisii miaka tisa anajua neno hilo. Babu.

Ndani kikasikika kishindo. Mlango ulikuwa mmoja, na mlangoni alipiga magoti mke wa mwanawe. Mzee Nyasani hangeweza kumpita. Akaugeukia ukuta wa nyuma, akaupiga kwa fimbo, akaupiga kwa bega, udongo mbichi ukamwagika, fito zikakatika kamba moja baada ya nyingine. Mzee wa miaka sabini, aliyekuwa akishikwa mkono kuvuka mfereji, alitoka kwa kupasua ukuta. Akaangukia upande wa pili, akainuka mwili mzima ukiwa matope, akawapa watu mgongo, na blanketi jipya likabaki limenasa kwenye fito.

Hakuna aliyesogea. Mwana risaga mmoja alikuwa na kikombe mdomoni na hakukumbuka kukishusha. Wanawake wa kanisa walishika vichwa. Ogari aliketi chini taratibu, kama mtu aliyepewa habari za msiba. Ouma alisimama na mikono yake ikining'inia, akitamani tundu lile la ukutani lingekuwa kubwa zaidi apite naye asionekane tena.

Wakati huo ndipo akafika Orpah, muuza uji wa sokoni, ambaye alikuwa amechelewa kufunga biashara yake. Alimtazama Esnah, akatazama ukuta, akamtazama mzee aliyejaa matope kule nyuma. Akauliza ni nani aliyefanya haya. Watu wote wakamtazama Ouma.

"Fundi," Orpah akasema polepole, "umemwoza mzee mke wa mtoto wake mbele ya watu?"

Ouma akajaribu kueleza. Akasema hakujua, akasema aliona hawapatani.

"Hawapatani? Uji anaokunywa huyu baba kwangu kila asubuhi, ulifikiri mimi nagawa? Esnah ananisagia wimbi, na malipo yake ni kibuyu cha huyo mzee. Analala upande wa juu asije akamkuta baba mkwe wake amelala vibaya barazani. Mzee naye analala upande wa chini ili mama apite mjini bila kuona aibu. Wameheshimiana hivyo mwaka mzima, kwenye baraza, bila hata mlango. Wewe unakuja na misumari minne."

Ouma hata udhuru wa ugeni hakuwa nao. Kwao Nyakach mambo ni yale yale. Baba yake mzazi hakuwahi kukanyaga nyumba ya mke wa mwanawe, na mara moja alilowa mvua usiku kucha kuliko kuingia. Watu wa Kisii huita haya hiyo chinsoni, na haichezewi. Alikuwa na kitu kile kile nyumbani kwao, na bado hakukiona kilipokuwa kinapita mbele yake kila siku.

Habari yote ikatoka kwa Orpah. Nyasani alikuwa na mwana mmoja tu. Mwana akaenda vitani, hakurudi. Ndugu wa mzee wakagawana shamba na kuchoma nyumba zote mbili. Baba mkwe na mkwe wakaja mjini, mmoja akiulizia kwenye ofisi ya serikali Jumatatu na mwingine Alhamisi, wasikutane kwenye benchi moja.

Mzee Ogari akasema la kusema ni moja. Mambo ya kuwatakasa hawa wawili yatafanywa baadaye na wazee wao, lakini leo hii hakuna kati yao atakayelala katika nyumba ile ikiwa mwenzake yumo. Nyasani, bila kugeuka, akasema basi na waingie watoto na mama yao. Yeye atalisubiri lori. Esnah, aliyekuwa sasa amejibanza nyuma ya migomba, akatuma neno kwa Orpah kwamba baba akipanda lori, yeye na wasichana watapanda kabla yake. Mawingu yalikuwa yameshakaa juu ya kilima. Lori lilikuwa linapita saa kumi na mbili.

Ouma akasema kwa sauti ambayo watu hawakuijua, isiyo na mzaha wowote, kwamba ukuta umeshapasuka, basi waukate kabisa. Nusu ya mabati ishuke, nusu ya miti ing'olewe, wajenge kijumba cha pili kule mwisho wa kiwanja, nyuma ya mti wa mkaratusi, na mlango utazame upande wa pili. Akasema ataezeka yeye mwenyewe kabla ya jua kuzama, na asipolipwa shukrani yoyote itakuwa haki yake. Wana risaga wakatazamana. Ogari akainuka, akavua shati.

Kilichobaki ni neno la mwenye mabati.

Mzee Ishwar akakataa. Hakuwa mtu mbaya, na Ouma alijua hilo kuliko wote. Baraza yake ilikuwa imelaza watu miaka mingi bila yeye kumwita askari hata mmoja. Akasema amewaandikia ndugu zake kwamba wamejenga nyumba moja kubwa ya kuwahifadhi wasio na kwao, watu wengi chini ya paa moja, na Jumapili ijayo wanakuja kuiona. Akiikata leo kwa hawa wawili, kesho mwingine atakuja aseme hataki kulala na mtu wa ukoo fulani, na keshokutwa kitabaki kibati kimoja kwa kila mtu. Weka pazia, akasema. Weka gunia katikati. Ouma akamweleza kwamba gunia si ukuta, na ukuta wenyewe usingetosha maana paa ni moja. Wakavutana hivyo, huyu akisema mvua inakuja, yule akisema msaada una taratibu zake, mpaka sauti ya Ishwar ikapanda. Hapo akawa amefika Lalita, mke wa mwanawe, na sufuria ya chai ya wajenzi, akasimama nyuma ya wengine akingoja wanyamaze ili agawe.

"Mimi nawaambia ukweli," Mzee Ishwar akasema. "Kuona haya ni kwa mtu aliye na nyumba. Mtu anayelala barazani hana nafasi ya kuona haya mbele ya mkwe wake. Waingie wote, walale, aibu itaisha yenyewe."

Esnah akatoka nyuma ya migomba. Hakutazama upande aliokuwa baba mkwe wake. Alimtazama Ishwar, kisha akaelekeza kidevu kwa yule aliyeshika sufuria.

"Mzee, huyo mkwe wako amejivutia nguo usoni mpaka kidevuni tangu ulipofungua mdomo, na chai inamchoma mikono kwa sababu haoni pa kuiweka. Mwambie yeye kwanza afunue uso akutazame, halafu mimi nitaingia nilale."