Mguu Uliopiga Yowe

Jumatatu Ndelilio alikuwa akikata majani ya ng'ombe kihambani kwake, shamba la migomba linalozunguka nyumba, Kirua Vunjo, juu mlimani. Mundu ukateleza, ukampata juu ya kifundo cha mguu. Alifunga kitambaa, akamaliza mzigo. Alikuwa na miaka sabini. Mke alikuwa amekufa, naye aliishi peke yake.

Jumatano kidonda kilivimba, kikapiga yowe.

Yowe likipigwa, kila anayelisikia huenda. Majirani walifika na mapanga.

"Mwizi yuko wapi?" aliuliza Sirili, jirani wa chini.

"Hakuna mwizi. Ni mguu."

Sirili aliinama, akasikiliza. "Kweli ni mguu. Ningejua, ningemaliza chai yangu."

Wakaondoka.

Kwenye zahanati, nesi Stella alimwamkia shikamoo, akakamua usaha.

"Zinazoita ni zile seli zinazofuma nyuzi chini ya ngozi, babu. Watu wanadhani kazi yao ni kushikilia nyama tu. Vijidudu vikiingia, ndizo zinazowaita askari wa damu."

Askari walikuja. Ndelilio aliwasikia wakishuka kutoka pajani, wengi, wakipiga hodi. Baada ya wiki tatu kidonda kilifunga. Yowe halikukoma.

"Adui ameisha, ila seli zimezoea kuita," alisema Stella, akampa vidonge. "Meza, zitanyamaza. Usipomeza, askari watakosa wa kupigana naye, watakula kiungo chako. Hutatembea tena."

Ndelilio alirudi nyumbani, akaviweka mezani. Jioni binti yake, Kindness, alipiga simu kutoka Dar.

"Baba, punguza redio."

"Ni mguu. Unaita."

"Desemba tunapanda huko nyumbani, baba. Mwaka huu kweli."

Desemba magari ya watoto wa wenzake yalipanda, yakajaa kila ua. Tarehe ishirini na nne Ndelilio alichinja mbuzi. Tarehe ishirini na saba Kindness alituma ujumbe kwamba kazi zimembana. Nyama iliyobaki alimpa mbwa.

Siku hiyo alimeza vidonge viwili. Mguu ukanyamaza. Nyumba nayo ikanyamaza, akawa anasikia maji yakidondoka kwenye migomba. Alikaa hivyo mpaka asubuhi, kisha akavitupa vilivyobaki chooni.

Kufikia Machi kifundo kilikuwa kimekakamaa. Sirili ndiye aliyemkatia ng'ombe majani, akiyatupa getini bila kuingia. Ndelilio alikaa uani, mguu juu ya stuli. Ikifika saa kumi na moja jioni mguu uliita, mara moja tu. Askari wa damu wakaja wote, wakipiga hodi.