Kucha za Fundi

...na hiki kidole gumba kigumu, kikata kucha kinateleza, taratibu, nisimkate nyama, ingawa hata nikimkata hatasema aa, tangu kiharusi kimwangushe mume wangu upande huu wa kushoto ni mzigo tu, mkono umelala pajani kwangu kama wa mtu mwingine, na wifi yangu kasimama mlangoni, mkoba begani, anasema, "Wifi, umechoka, kila mtu anaona, mwache kaka yangu nimpeleke kwetu, hapa unamlea mtu ambaye hayupo," hayupo, neno hilo hilo nalisema kimoyomoyo kila asubuhi nikimgeuza, nikimfuta, nikimlisha uji unaorudi kidevuni, na leo nimeamka nimekata shauri, nitamwambia ndiyo, mchukue, nami nilale... "Unanisikia lakini?" nakusikia, ila kucha hizi, mbona ndefu, si nimezikata juzijuzi tu, zimetoka wapi tena, zamani hakuwa na kucha huyu, fundi wa kuchomelea mageti, zilikuwa vipande vipande, nyeusi tii, namtania, wewe mikono yako kama umechimbua kisima, anacheka, ananishika shavu makusudi anipake masizi, na sasa tazama, safi, na huku chini kabisa, kwenye nyama, kimechomoza kijimwezi cheupe cha ukucha mpya, mkono usioweza kushika kijiko, daktari mwenyewe alisema huo basi tena, kumbe ndani kuna kazi inaendelea, hakuna anayeiamrisha, si mimi, si daktari, si yeye, uji ule ule ninaomlisha kwa kisirani ndio umekuwa ukucha, Mungu wangu, uji, na mimi nilidhani unapotea bure... mwili unanisisimka, naogopa, hii siyo furaha, afadhali ingekuwa furaha, maana hatapona, hatanipaka masizi tena, najua, lakini mwili wake haujakata tamaa, wala haujui kwamba sisi tumeshakata... "Basi nimwambie dereva aje Jumamosi?" macho ya mume wangu yako darini, sijui yanaona nini, mate yanamtoka, namfuta kwa kiganja, nashindwa kuondoa kiganja, "Jumamosi hapana," nasema, na wifi, "Sasa mpaka lini, wifi?" mpaka lini, sijui mpaka lini, nashika kidole kinachofuata.