Valvu Nane Juu ya Taulo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kuleta injini ya watu mezani kwangu. Gereji ilikosa maji wiki nzima, nikabeba valvu nane za pikapu ya mwalimu mmoja nizisafishie nyumbani. Nilizichomeka kwenye kipande cha boksi nilichokitoboa matundu manane, kila tundu na namba yake. Valvu huzoea kiti chake. Ukiichanganya na ya jirani, injini itavuja pumzi, na wewe fundi utavuja wateja.

Asubuhi nilikwenda kununua mafuta ya taa. Niliporudi, meza ilikuwa imefutwa ikang'aa. Boksi langu lilikuwa kwenye pipa la taka, limekunjwa. Valvu zimerundikwa juu ya taulo, safi kama vijiko vya wageni. Pembeni alisimama mama mkwe wangu, mikono imejaa povu. Alikuwa amekuja kwa siku tatu kuwashonea wajukuu zake sare za shule.

"Nani amekutuma uguse?" nilimuuliza.

"Jana nilikuona umechoka, baba. Nikasema nikupunguzie kazi. Lakini nime..."

"Lakini nini? Unajua hivi ni vitu gani? Kaa na cherehani yako, mambo ya gereji tuachie wenyewe."

Nina ulimi usio na breki, nalijua hilo, na huwa najitetea kwamba ni kelele za gereji zimenizoesha kupayuka. Siku hiyo hapakuwa na kelele yoyote. Wanangu, waliokuwa wakinywa chai mkekani na mama yao, waliacha kutafuna. Mke wangu alinitazama kama anayemtazama mtu baki. Mama mkwe alisuuza mikono, akaikausha kwenye gauni lake, akaingia chumbani. Alipotoka alikuwa na begi.

Nilikaa nikaanza kuokota valvu, nikiwaza nitamwambia nini mwalimu. Ya kwanza niliyoishika ilikuwa na kitu shingoni. Uzi mweupe, umefungwa vizuri, una vifundo vitatu. Nikashika nyingine: vifundo saba. Nyingine: kimoja.

"Ndivyo anavyotia alama vipande vya nguo," mke wangu alisema nyuma yangu. "Miaka arobaini hajampa mteja mkono wa shati la mwenzake."

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nilitoka mbio hadi barabarani, taulo mkononi. Alikuwa amekaa juu ya begi lake, akisubiri pikipiki.

"Mama, nimekukosea. Nisamehe."

"Zimetimia zote?"

"Zimetimia."

"Ya tano nimeiacha na weusi kidogo. Niliogopa kuikwaruza."

Akainuka, maana pikipiki ilishafika. Nikalinyakua begi nilirudishe ndani. Alinifuata hatua moja tu, akalichukua mkononi mwangu taratibu, akalipakia.

"Nimekusamehe, baba," alisema, akapanda. Nyumbani sare zilibaki bila vifungo.

Injini iliwaka kesho yake kwa mkupuo mmoja. Mwalimu alisikiliza muungurumo wake, akanipiga bega.

"Fundi, una mikono ya dhahabu."

Niliona haya hadi masikio yakaniwaka moto. Nilitaka kumwambia mikono ile ilikuwa ya nani. Lakini ulimi wangu, ule usio na breki, siku hiyo uligoma kuwaka.