Sponji, Mwambie

Kwa miezi mitano fundi wa makochi na mkewe hawakusemeshana, na bado hapakuwa na nyumba yenye maneno mengi kama yao. Kila walichotaka kuambiana walimpa mbwa akifikishe.

"Sponji," mke alisema Ijumaa hiyo, akiwa kwenye cherehani yake ya kukanyaga, "mwambie huyo bwana fremu ya leo ina mguu mfupi. Aliyeagiza kochi hakuagiza bembea."

"Sponji," fundi akajibu bila kuinua uso kwenye randa, "mwambie huyo mama mguu hauna neno. Kilichopinda ni macho yake, kama mishono yake."

Naye Sponji, aliyelala kati yao juu ya mabaki ya vitambaa, alilaza masikio na kuficha mkia. Hakuna aliyemwona. Anayetafuta pa kumchoma mwenzake hana nafasi ya kutazama chini.

Chanzo chenyewe kilikuwa kidogo. Kochi la mteja lilirudishwa limechanika mgongoni, na fundi, mbele ya mteja huyo, akasema, "Ni mke wangu, siku hizi mikono yake imelegea." Mke alisikia. Alikuwa amesimama pale pale na mkasi mkononi. Kitambaa hakikuchanika kwa mshono; fundi ndiye aliyekivuta kupita kiasi alipokuwa akikipigilia misumari, na alilijua hilo kabla mteja hajatoka mlangoni. Lakini kukiri kulimkwama kooni kama mwiba wa samaki, na kila siku iliyopita iliuzamisha zaidi.

Sasa mke alikuwa anaondoka. Dada mkubwa wa fundi, mkunga aliyezoea kuona watu wakipiga kelele bila yeye kupandisha sauti, ndiye aliyewagawia vitu. Mke alipewa kitanda, kabati na vyombo. Cherehani aliitaka kuliko vyote, na kwa sababu hiyo hiyo fundi aliing'ang'ania. "Ni chombo cha karakana," alisema, "na karakana ni yangu."

Alikuwa hajui hata kutia uzi kwenye sindano.

Akabaki mbwa. Walimwokota pamoja miaka saba nyuma, kitoto kilichojichimbia ndani ya gunia la vipande vya sponji, na hapa hakuna aliyekuwa tayari kurudi nyuma hata unyayo. Kitanda, fundi angetengeneza kingine. Lakini alimtaka Sponji.

"Nimechoka na nyie," dada akasema Jumamosi asubuhi, pikapu ya mizigo ikiwa imeshafika. "Wifi, simama getini. Wewe, simama mlangoni mwa karakana. Mwiteni. Atakayemwendea ndiye mwenyewe."

Fundi alikubali upesi. Mfukoni alikuwa na kipande cha nyama.

"Sponji!" akaita, kwa sauti tamu ambayo hakuwa ameitumia tangu mwaka uanze.

"Sponji! Njoo, baba," mke akaita kutoka getini.

Mbwa aliyesimama katikati ya ua alimtazama huyu, akamtazama yule. Kisha tumbo lake likagusa chini. Akajikojolea. Akajikokota akaingia chini ya fremu ya kochi iliyokuwa imeegeshwa ukutani, akageuza uso kwenye matofali.

Dada aliinama akamchungulia, akainuka.

"Jina la mnyama mmelifanya tusi," dada akasema taratibu. "Mlitaka aje afanye nini? Apeleke ujumbe?"

Mke alipita katikati yao bila kumtazama mtu, akaingia karakana, akaketi kwenye cherehani. Hakutia uzi wala kitambaa. Alikanyaga tu, kama alivyozoea kila hasira ikimpanda, na mtambo ukaanza mlio wake: taka-taka-taka. Mbwa akachomoza pua chini ya fremu. Akavuka ua, akampita fundi na nyama yake, akaenda kulala juu ya mguu wa mke usiokanyaga.

"Hiyo ni hila," fundi akasema.

Mke akageuka. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi mitano alimjibu yeye mwenyewe. "Hila? Toa hicho kilicho mfukoni mwako."

"Cherehani haitoki hapa."

"Najua. Kaa nayo. Labda siku moja itakushonea na adabu."

Akainuka akaenda kwenye pikapu. Mbwa hakumfuata. Alibaki chini ya cherehani iliyonyamaza, akikitazama kiti kitupu, akingoja.

"Umeshinda, mdogo wangu," dada akasema. "Furahi basi."

Fundi alijaribu. Alimwekea nyama mbele, mbwa hakuinusa. Alitaka kumwita, akaona masikio yakilala hata kabla hajafungua mdomo.

Akainama, akaikumbatia cherehani na chuma chake chote, akaenda nayo hadi kwenye pikapu shingo ikimtoka mishipa. Akaitua kwa kishindo.

"Iondoe," akamwambia mkewe. "Inanijazia nafasi."

Sponji alikuwa nyuma yake. Akarukia ndani, akajikunja chini ya ubao wa kukanyagia.

Mke alimtazama fundi kwa muda, kama mtu anayengoja neno moja. Halikuja. Akapanda mbele, akafunga mlango.

Fundi alirudi karakana, akaishusha sakafuni fremu ya Ijumaa. Ikacheza. Akaisukuma kidogo, ikacheza tena.

"Sponji, mwambie..." akaanza.

"Mwambie mwenyewe," dada akasema kutoka uani. "Wako kwenye kona, wamesimama wapishe gari."

Fundi aliisikia pikapu ikinguruma pale kwenye kona. Alisimama na mkono juu ya fremu mpaka mlio ukapotea, kisha akaanza kutafuta kipande cha ubao cha kuweka chini ya mguu.