Vidonge vya Akiba

Kopo lilimdondokea Kandida miguuni alipochomoa kisu kwenye nyasi za paa. Vidonge vilivyokuwamo alivijua: dawa za kifua kikuu za mumewe, Faustin, aliyetakiwa kumeza kila siku kwa miezi minane bila kuruka hata siku moja. Huu ulikuwa mwezi wa tano, na kikohozi kilikuwa kimerudi.

Walikuwa dunguni, kibanda cha juu ya nguzo ng'ambo ya mto Kilombero. Walikuwa wamehamia huko kulinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe, kama wafanyavyo watu wengi wa Ifakara kila mwaka. Na watu wa dunguni wana ujanja wao mmoja wa hatari: kwa kuwa huko hakuna zahanati, dawa haimalizwi. Ukipata nafuu, iliyobaki unaiweka, ugonjwa ujao ukukute umejiandaa.

"Baba Levina, hivi ni nini?"

"Mimi nilishapona," Faustin alisema, macho chini. "Namwekea Beatus. Naye ameanza kukohoa."

Beatus, mdogo wake, alikuwa na dungu lake jirani, na kila jioni walikula sahani moja. Hasira ilimpanda Kandida, lakini hakupiga kelele. Alifunga mzigo.

"Na mpunga?" Faustin aliuliza.

"Nitarudi kuulinda mwenyewe. Mwite Beatus, muingie mtumbwini wote wawili."

Kliniki ya Ifakara walipimwa makohozi. Kesho yake nesi Paulina aliwaita, wala hakumung'unya maneno: wote wawili walikuwa na wadudu wa kifua kikuu.

"Dawa huanza na wadudu wanyonge, ndipo mtu hujiona mzima," alimwambia Faustin. "Wale wagumu hufa baadaye, ukiendelea kumeza. Wewe umewaachia nafasi, nao wamezaa. Ni kama kukata magugu ya ndago majani tu, mizizi ukaiacha shambani. Sasa vidonge hivi huenda haviwatishi tena. Utachomwa sindano kila asubuhi, miezi miwili, na dawa nyingine juu yake."

"Sawa, nichome. Beatus apewe vile vidonge vyangu."

"Beatus ameambukizwa na nani?" nesi aliuliza taratibu. "Wadudu wake ni hao hao wako; naye atachomwa sindano kama wewe."

Hapo Faustin alielewa. Vidonge alivyojinyima kwa ajili ya mdogo wake, yeye mwenyewe ndiye aliyeviharibia kazi. Akalia mbele za watu, mtu mzima, bila kujificha.

Kandida alimwonea huruma, ila hakumbembeleza. "Mtalala kwa dada yangu Dorika, hapo nyuma ya kanisa. Kila asubuhi mtafika hapa, na atakayegoma mwenzake amburute. Mimi narudi kwenye mpunga."

"Shemeji, mimi sindano naziogopa," Beatus alisema.

Faustin alijifuta uso kwa mkono wa shati, akasogeza kiti chake karibu na cha mdogo wake.

"Nesi, anza na huyu," alisema. "Nataka nimwone akichomwa, kwa macho yangu."