Mstari wa Shutu

Kule Mkwiro, Bi Twaiba alikuwa amewatungia maharusi wa watu nyimbo zisizo idadi, lakini wa bibi harusi wake mwenyewe ulimshinda. Hanifa, mjukuu aliyemlea tangu hajaota meno, alikuwa anaolewa Ijumaa, na alimwomba bibi yake kitu kimoja tu: wimbo ambao hajaimbiwa mtu mwingine. Jumatano ikafika, na maneno hayajaja.

Wenzake wa shamba la mwani wakamwonea huruma. Walimwachia kamba za mwisho, mbali kabisa, wakakubaliana asisemeshwe. Alipofika, alikuta nusu ya kamba zake zimeshafungwa mbegu, vile vipande vya mwani vya kupanda. Hakuuliza ni nani.

Akainama, maji magotini, akawa anafunga na kusubiri. Jua lilikuwa limeshapanda pale mstari wa kwanza ulipoingia bila hodi:

*Hanifa ulipokuja, mikono ilikushika.*

Mara ukaja wa pili, na wa kwanza ukaanza kuponyoka. Karatasi hana, na kichwa cha miaka sabini hakibebi mizigo miwili.

"Esha," akamwita jirani aliyekuwa karibu naye zaidi, "nishikie huu."

"Nimeushika, bibi. Lete mwingine."

"Wewe huo mmoja tu. Usiuchanganye na umbeya."

Wa pili akaubeba Judy, mke wa mwalimu. Wa tatu Bi Twaiba alibaki nao mwenyewe. Wa nne akampa shoga yake wa tangu utotoni, Shutu.

Maji yalipoanza kujaa, walitoka wanne wakinong'ona kila mtu lake, hata salamu za wavuvi hawakuitikia. Ufuoni Esha akaimba wake, Judy wake, Bi Twaiba wake. Ilipofika zamu ya Shutu, akainama kukamua kanga yake.

"Mwenzangu, mstari wangu uko wapi?"

"Umezama njiani. Nimekuletea mwingine."

"Wa nani?"

"Wangu. Sikiliza kwanza, ndipo unigombeze." Shutu akakohoa, akaimba: *Mume akikununia, mtekenye atacheka.*

Bi Twaiba alimtazama. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, akaketi mchangani akicheka hadi machozi.

"Wangu ulimwambia Hanifa, mume akinuna, asubiri tu," alisema akijipangusa kwa kanga. "Kama nilivyoambiwa mimi. Acha uzame huko huko."

Wakauimba tangu mwanzo, mara saba, maji ya chumvi yakiwachuruzika miguuni, mpaka kila mmoja akawa na mistari yote minne.